Kilti, Baiskeli na Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Juni

Nimerudi kutoka kazini. Nimepaka mnyororo mafuta, nimekula fufu ya jana. Goti la kushoto linauma. Kila siku ni hivyo: bohari, baiskeli, kitanda.

Leo kumeongezeka mfuko. Mjane wa Mzee Duncan, mwenzangu wa bohari, ameuleta mwenyewe hapa kwetu Morse Road, Columbus. Ndani kuna kilti yake, ile sketi ya wanaume wa Kiskoti, kijani yenye miraba. Kila Juni Mzee alikuwa anaenda Buffalo kuendesha baiskeli kando ya mto na rafiki zake, wote wamevaa kilti. Kabla ya kufa alimwambia mke wake nafasi yake nipewe mimi.

Nimekubali kabla sijafikiri. Baiskeli hii yeye ndiye alinipa, wakati niko mgeni bohari na Kiingereza sina. Nitakataa kwa mdomo gani?

Mama Neema, mke wangu, ameangalia ndani ya mfuko. Ameufunga tena, amerudi jikoni. Mbaya hiyo.

Jumatano, 5 Juni

Njia inapita Riverside, mtaa wa Buffalo. Mbele ya nyumba ya mama mkwe!

Kwetu mama mkwe humpi mkono. Huli naye. Akitaka kukupa kitu, kinapitia kwa mke wako. Ukikutana naye njiani, unasimama kando, macho chini. Sasa mimi nimpitie mlangoni magoti nje, upepo unapiga?

Nimeomba njia ibadilishwe. Hapana. Mzee alizaliwa mtaa ule ule.

Mama Neema amefungua mdomo leo, huku anachambua sombe, majani ya muhogo. "Ukimwaibisha mama yangu, utarudi Columbus peke yako." Polepole kabisa. Akipiga kelele siogopi. Akisema polepole, naogopa.

Jumamosi, 8 Juni

Jaribio la kwanza. Aibu tupu.

Marinda ya kilti niliyaweka mbele. Nilijiambia, uzuri wa nguo unaonekana mbele, hata kikwembe, kitenge cha kiunoni, wanawake wetu wanakifunga hivyo. Bon. Nilikanyaga pedali mara tatu, upepo ukaingia, kilti ikapanda mpaka kifuani. Ndani nilikuwa na bukta, Bwana asifiwe. Lakini ilikuwa mbele ya duka la Waafrika, Jumamosi, watu wote wako pale wananunua samaki na unga. Mtu wa kwaya yetu akapiga video.

Binti yangu Neema ametafuta kwenye simu. Marinda yanakaa nyuma, donc, yaani unayakalia. Amenieleza kwa Kiingereza, kama kawaida yake, na amecheka mpaka akakaa chini.

Jumapili, 9 Juni

Yaya, kaka yangu mkubwa wa Louisville, amepiga simu kabla ya ibada. Video imeshafika kwake. Ameuliza kama Amerika imenimaliza akili. Ati baba yetu alizikwa na heshima yake, mimi nataka kumzika mara ya pili.

Kanisani wanaume wameniita Mama Bahati, mimi Bahati mwanaume mzima. Mchungaji ametabasamu tu.

Nina hasira. Neema alipolazwa, Mzee Duncan alikaa na mimi hospitali mpaka asubuhi. Hawa wanaocheka walituma salamu. Na nina aibu pia, nisijidanganye. Lakini nitaenda. Maneno hayavunji mfupa.

Alhamisi, 13 Juni

Nimefanya mazoezi kila siku baada ya kazi, nyuma ya maghorofa. Marinda nyuma. Pakitulia, kilti inakaa vizuri. Upepo wa pembeni ukija, upande wa mbele unafunguka. Nimebana na vibanio vya nguo, vikaruka. Pini ndogo za Neema zimepinda, kitambaa ni kizito.

Mama Neema ananiangalia kutoka dirishani. Hasaidii. Ila amefunga mzigo, anakuja Buffalo. Sijui kama ananifuata mimi, au anaenda kumziba mama yake macho.

Jumamosi, 15 Juni

Imekwisha. Niandike kabla sijalala.

Upepo wa mto hauna huruma. Tangu mwanzo mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umeshika nguo. Wazungu wanaendesha bila wasiwasi, mimi jasho linanitoka.

Riverside. Nikamwona mama mkwe kwa mbali, amesimama ukingoni mwa barabara, Mama Neema pembeni yake. Kumpita mkwe umekaa juu ya baiskeli ni matusi mengine. Nikashuka. Nikasimama mbali, macho chini, ngumi imekamata kilti. Wenzangu wakasimama, walidhani nimepata pancha.

Nikajua nitarudi peke yangu.

Kisha nikaona mkono wa mama mkwe unaingia chini ya kitenge cha juu. Amechomoa pini, ile kubwa inayoshika kikwembe chake. Akampa binti yake. Akasema naye, si na mimi:

"Mwambie afungie chini, karibu na goti. Si kiunoni. Mimi nilipeleka samaki soko la Uvira kwa baiskeli, na mimba yako tumboni. Walinicheka mimi pia."

Mama Neema hakuijua habari hiyo. Niliona usoni kwake. Akapiga magoti palepale barabarani, akanifungia pini.

Nikapanda. Mikono yote miwili kwenye usukani. Nilipogeuka kuangalia nyuma, mama mkwe alikuwa bado amesimama, ameshika kikwembe chake kwa mkono kisianguke, mpaka tukakata kona.

Jumapili, 16 Juni

Mvua kidogo. Tuko bado Riverside. Nimekula chumba cha mbele, mama mkwe amekula jikoni, kama inavyotakiwa.

Nimempa Mama Neema pini amrudishie mama yake. Imerudi. Mama amesema ikae na kilti, upepo utakuwepo na mwakani.

Goti linauma. Mama Neema anaikunja kilti, rinda moja moja.