Ukurasa wa Arobaini na Moja

Makole, Dodoma
9 Aprili

Kwa Mama Nurdini,

Shikamoo mama. Nimesikia kwa jirani yenu aliyekuja mjini kwamba Idi ilikukuta mzima, ila magoti yanakusumbua, na mahindi ya mteremkoni yamenyauka kabla ya kubeba. Pole sana. Mimi huku ni mzima wa mwili. Wazazi wangu Hombolo nao hawajambo, na kila nikienda mama huniuliza habari zako.

Mama, uliponipigia simu mwezi uliopita uliniuliza jambo moja tu: mwanao alipatwa na nini chuoni, mbona tangu arudi Kondoa mwezi wa pili anashinda kitandani na hasemi na mtu? Nilikujibu kwamba mtandao unakatika. Haukuwa unakatika. Nimeona nikuandikie, maana barua siwezi kuikata katikati kama simu.

Utakumbuka likizo ile tuliyokuja wote, Nurdini akakueleza jikoni kazi ya utafiti anayoifanya chuoni. Alikwambia kila kitu kina tungamo, yaani kiasi cha maada iliyomo ndani yake, jiwe, maji, hata hewa, lakini wataalamu wa fizikia wanajiuliza ingekuwaje kama kungekuwa na maada ya ajabu yenye tungamo hasi, yaani chini ya sifuri. Kitu ambacho ukikisukuma kiende, ndiyo kwanza kinakujia. Ulicheka ukasema mbuzi wa namna hiyo unaye zizini. Nurdini naye alicheka mpaka akapaliwa na chai.

Hakuna aliyewahi kuiona maada hiyo. Ipo kwenye hesabu tu. Na hesabu zinasema ukiiweka karibu na kitu cha kawaida, kimoja kitakimbia na kingine kitakifukuza, milele, bila kufikiana. Nurdini alihangaika miaka miwili akitafuta namna vitu hivyo viwili vingeweza kutulia pamoja. Januari aliingia chumbani kwetu hata viatu hajavua, akasema, "Sila, vimetulia!" Nilimkumbatia.

Akanipa daftari nimkagulie, kwani siku zote tulikaguliana. Wakati huo kulikuwa na nafasi moja ya kwenda nje kusomea shahada ya uzamivu, na majina yaliyobaki yalikuwa mawili, lake na langu. Nilikaa na daftari siku tatu, nikamrudishia, nikamwambia liko sawa.

Siku ya kutetea kazi yake mbele ya jopo la maprofesa, ukumbi ulijaa. Aliandika ubao mzima kwa mwandiko wake ule mzuri. Profesa mmoja mgeni, mwanamke wa sauti ya upole, akamwomba arudie mstari wa tatu. Nurdini akautazama. Alama ya kutoa ilikuwa imepotea pale alipohama mstari. Hakubishana. Aliirudisha kwa mkono wake mwenyewe, kisha akaanza kurekebisha mistari iliyofuata, mmoja baada ya mwingine, mbele ya watu wote, mpaka mwisho vile vitu viwili vikaanza tena kukimbizana. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Alifuta ubao kwa kiganja, akalishukuru jopo, akatoka.

Nilimkuta anafunga begi. Yeye ndiye aliyenishika bega akaniambia, "Usijilaumu, Sila. Hata wewe hukuliona kosa." Nami nikaitikia kwa kichwa.

Mama, najua kwamba tangu macho yako yaingie ukungu, barua zako anakusomea Nurdini akiwa nyumbani. Kwa hiyo sasa nasema naye, nawe unisikie.

Nurdini, nililiona kosa. Ilikuwa Jumapili asubuhi, siku niliyokwambia naumwa kichwa siendi kanisani. Ukurasa wa arobaini na moja, mstari wa tatu. Kalamu nyekundu ilikuwa tayari mkononi. Nikaiwaza ile nafasi, nikaifunika kalamu. Nilijidanganya kwamba utaliona mwenyewe kabla ya siku yenyewe, na huku najua ukishaambiwa nami kwamba liko sawa hufungui tena. Nafasi walinipa mimi. Wiki iliyopita nilikwenda kwa msimamizi wetu nikamweleza yote, nikaiacha. Amesema imeshapelekwa kwingine, haiwezi kurudi kwako. Nimekuharibia, na sina cha kukurejeshea.

Sikuombi unijibu. Nakuomba uinuke kitandani. Wewe ulikosea alama moja, na hakuna mtu wa hesabu ambaye hajawahi kuikosea. Mimi nilikosa nikiwa naona.

Mama, kama alinyamaza katikati na haya unasomewa na mdogo wake Naima, usimlazimishe kusema. Mpikie anachokipenda, ukae naye. Wasalimie wote nyumbani, na Mungu akupe nafuu ya magoti.

Siku zote mwisho wa barua zangu kwako nilijiandika "mwanao". Leo naandika jina tu.

Sila Matonya