Nilimwambia Daktari Ni Tumbo

Jumatatu, 3 Machi 2025

Kemuma ameketi chini mara mbili leo kati ya nyumba yake na yangu. Ni hatua thelathini tu! Nilikuwa barazani nikamwona akija na chupa ya uji. Akaketi juu ya kinu. Akainuka. Akaketi tena kwenye nyasi. Mke wa mwanangu si mvivu. Hulima kuliko wanaume wawili wa hapa Magunga.

Aliiweka chupa juu ya jiwe kama ilivyo desturi yetu, akarudi nyuma, nami nikaenda kuichukua. Sisi Wakisii tunaiita chinsoni, adabu ya mkwe. Hatushikani mikono. Hatuzungumzii mwili. Tangu mwanangu Okari alipomleta, miaka ishirini na miwili iliyopita, sijavuka kizingiti cha nyumba yao. Nilimuuliza kwa mbali, "U mzima, mama?" Akajibu, "Niko sawa, tata," akitazama chini; tata ndiyo baba kwetu. Viganja vyake vimekuwa vyeupe kama vya mtu aliyetoka kukanda unga.

Jioni alikuja Jedidah, jirani yangu, mjane auzaye omena, dagaa wa ziwani. Huniita Jaduong', yaani mzee kwa Kijaluo, lakini heshima yake huishia hapo. Akanieleza wazi, bila hata kuketi, kwamba Kemuma hutokwa na damu ya mwezi siku kumi na tano, mara nyingine ishirini, tangu kabla ya Krismasi. Nilimwomba radhi, nikamwambia mambo hayo hayasemwi mbele ya mwanamume, sembuse mkwe.

"Yasemwe mbele ya nani basi, Jaduong'? Mbele ya jeneza?"

Akaenda zake. Utovu wa adabu ulioje! Naandika nikiwa bado na hasira, nami naomba nisamehewe.

Jumatano, 5 Machi

Sikulala vizuri. Asubuhi nilimpigia Okari simu huko Ogwedhi anakofanya biashara ya ng'ombe. Nilizunguka sana kabla ya kufika kwenye jambo lenyewe. Nilianza na mvua.

"Baba, hizo ni homoni," akasema. "Amefika hiyo age. Wamama wote wa arobaini na sita wako hivyo."

Nikamuuliza kama amezungumza naye.

"Nimwambie nini? Nilimwambia anunue ile dawa ya majani. Baba, kuna mtu anataka fahali hapa, nitakupigia."

Hakupiga. Ng'ombe akichechemea, Okari humwona kutoka upande wa pili wa soko! Huinua kwato, hutazama, humwita daktari wa mifugo saa hiyo hiyo. Mkewe anachechemea mbele ya macho yetu sote, naye ana neno moja tu: homoni. Nimekasirika mpaka chai ikapoa.

Kisha nikamkumbuka marehemu mke wangu Nyanchoka. Alipokuwa na umri huo alikuwa akiamka amelowa jasho, akafungua dirisha. Mimi niliinuka nikalifunga. Nilimwambia baridi itaniua. Kila usiku, yapata miaka mitatu, yeye anafungua, mimi nafunga. Sikumuuliza hata mara moja ana nini. Samahani, Nyanchoka. Najua haikufai kitu sasa.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda dukani kwa muuza dawa kuiona hiyo dawa ya majani. Pakiti ina picha ya mwanamke anayecheka. Nilimwambia kijana, "Samahani, naomba unisaidie. Homoni ni nini?"

"Ni vitu za wamama, mzee. Zikipanda wanakasirika, zikishuka wanalia."

Wateja wakacheka. Mmoja akasema basi kwake zimepanda tangu harusi.

Nikavaa miwani, nikaisoma pakiti yote. Dawa hii husawazisha homoni. Pia huponya malaria, kiuno, ugumba, na hasira za nyumbani! Haisemi ilitengenezwa wapi wala na nani. Nilimuuliza kijana kama Kemuma alimweleza kuhusu damu. Akasema ndiyo, alikuja Januari, akamwambia aongeze vijiko viwe vitatu. Vitatu! Kwa nini visiwe saba? Sikumwambia hivyo. Nilimshukuru na kumtakia siku njema.

Ijumaa, 7 Machi

Siku ya aibu. Niiandike yote.

Nilimpeleka Kemuma zahanati mwenyewe, kwa sababu Jedidah alikuwa Kisegi kununua omena na Kemuma asingeweza kukaa peke yake juu ya pikipiki. Nilikusudia kubaki nje. Mhudumu akasema, "Mzee, ingia, si wewe ndiye umemleta?" Nikaingia. Kemuma akaketi akiuelekea ukuta.

Mhudumu hakumtazama. Alinitazama mimi. "Mzee, shida ya mama ni gani?"

Kemuma hangeweza kulitamka neno lile mbele yangu. Hivyo ndivyo alivyolelewa. Nami hivyo ndivyo nilivyolelewa. Ukutani palikuwa na picha ya mwili wa mwanamke, nikageuza macho. Nikasema:

"Ni tumbo, daktari."

"Inachoma ama inakata?"

"Inachoma," nikasema.

"Akishakula ama akiwa na njaa?"

"Akiwa na njaa."

Ee Mungu, niliendelea tu! Uongo ulitoka kwa ustadi kama shairi. Tukapewa vidonge vya vidonda vya tumbo, na onyo asile pilipili. Namlaumu yule mhudumu, ambaye hakumshika mgonjwa mkono wala kumfunua kope. Lakini yeye alidanganywa. Mimi ndiye niliyedanganya, tena kwa adabu kamili, kofia ikiwa magotini.

Njiani Kemuma alisema jambo moja tu: "Asante, tata." Afadhali angenitukana.

Sabato, 8 Machi

Uongo wangu umefika kanisani kabla yangu. Mzee wa kanisa, ndugu Masese, ameombea kwa dakika nyingi "tumbo la dada yetu Kemuma." Alilitaja tumbo mara sita. Washiriki wakaitikia amina. Kemuma hakuja, alikuwa amelala. Nami nikasema amina.

Nje Jedidah alinishika kwenye kona ya kanisa.

"Tumbo? Tumbo gani, Jaduong'? Ungesema damu ungekufa?"

Nilimwomba ashushe sauti. "Sishushi!" akasema. Kisha akaishusha mwenyewe na hilo ndilo lililoniumiza. Akasema amemfulia nguo Kemuma jana jioni aliporudi kutoka Kisegi, na maji yalikataa kuwa meupe.

Nimemwomba anisaidie Jumatatu tumpeleke Homa Bay, hospitali kubwa. Amekubali. Kwa nini nilisema Jumatatu? Kwa nini si leo? Nilifikiri juu ya Sabato. Bwana wangu mwenyewe aliponya siku ya Sabato, nilifundishwa hivyo na wamisionari nikiwa na miaka tisa!

Jumapili, 9 Machi

Saa tano asubuhi. Kelele za Jedidah. Kemuma ameanguka jikoni kwake.

Nilikimbia, nikasimama mlangoni. Jedidah alikuwa akimvuta peke yake na hawezi. Nilivua kofia. Nikasema, "Samahani, mama, naingia." Naye, akiwa chini, akavuta kanga akajifunika uso.

"Tata, usiingie. Hapa ni pachafu."

Pachafu! Mtu anakwisha damu sakafuni, na anaona haya kwa ajili ya sakafu! Nani alimfundisha hivyo? Sisi. Mimi.

Niliingia. Nilimshika chini ya mabega. Ni mwepesi mno. Niliiona damu, naandika neno hilo, damu, na halijaniua.

Mwalimu jirani ametoa gari lake. Tumefika Homa Bay salama.

Jumatatu, 10 Machi

Wodini asubuhi. Daktari ni mwanamke kijana, anaitwa Lorine. Kabla hajauliza nilisimama nikasema, "Daktari, niwie radhi. Zahanati nilisema ni tumbo. Si tumbo. Ni damu ya uzazi, tangu Desemba, nami nilificha." Kemuma alifumba macho. Daktari hakucheka wala hakunikemea. Alisema, "Asante, mzee. Sasa naomba unisubirie nje kidogo, nizungumze na mama mwenyewe."

Jambo jepesi kiasi hicho! Kumtoa mzee nje na kumsikiliza mgonjwa! Hakuna aliyelifikiria miezi mitatu — si zahanati, si dukani, si nyumbani. Nilikaa kwenye benchi nikaghadhibika kama mtoto.

Walizungumza karibu saa nzima. Kisha, kwa idhini ya Kemuma, daktari alinieleza. Nilimuuliza na yeye homoni ni nini, nikiogopa kucheka kwa watu. Akanijibu kama mwalimu: ni ujumbe ambao mwili hujitumia kwa njia ya damu, na mwanamke anapokaribia kukoma hedhi ujumbe huo huyumba, ndiyo maana ya joto, jasho na usingizi kukatika. "Lakini homoni si jina la kumfukuzia mgonjwa, mzee. Damu ya siku ishirini haiitwi umri. Inachunguzwa." Skani imeonyesha uvimbe mkubwa ndani ya kizazi. Wamechukua kipande kidogo wakapime. Kiwango cha damu ni tano. Inatakiwa ifike kumi na mbili hivi. Amesema hajui mtu wa kiwango hicho aliwezaje kulima.

Ataongezewa damu kwanza. Kisha, damu isipokatika, upasuaji. Kuondoa kizazi.

Nilijitolea kutoa damu. Kijana wa maabara akaniuliza miaka. Nikasema sabini na tisa. "Umepita umri, mzee." Alisema kwa upole. Jedidah amefungua mkono akatoa yake. Alipomaliza akaomba soda mbili, akasema moja ni ya hasira.

Okari amepigiwa. Anakuja.

Jumanne, 11 Machi

Naandika kwenye benchi la ukumbi, mlango wa wodi uko mbele yangu.

Damu imeanza kutoka tena alfajiri, nyingi. Dakta Lorine asema hatangoja kesho. Kemuma ameelezwa yote. Karatasi ni yake, asema daktari, sahihi ni yake, ana akili timamu na ni mtu mzima. Lakini Kemuma aliomba Okari afike kwanza. Ni haki yake kuomba hivyo.

Okari amefika saa nne, na vumbi la mnada viatuni. Ameingia, ametoka. Hakukaa dakika kumi.

"Wanataka kumtoa kizazi, baba. Atakuwa nini? Watu Ogwedhi wataniambia naishi na mwanamume mwenzangu."

Nikamwambia ana watoto wanne wakubwa. Nikamwambia mkewe anakufa. Nilisema neno hilo.

"Wamuongeze damu na wampe dawa, ataamka. Hata huyo daktari ni msichana, anajua nini?"

Muuguzi akapita, akamwuliza kama atatoa damu, kwani inahitajika pakiti nyingine kabla ya kuingia chumba cha upasuaji na iliyopo haitoshi. Mwanangu — niliyemlea mimi, niliyemfundisha kusema tafadhali — akajibu: "Nitatoa. Lakini wakiacha hiyo maneno ya kizazi. Wakikata, sitoi."

Anapatana bei! Juu ya kitanda cha mkewe! Kama yuko mnadani!

Nilisimama. Nadhani nilipaza sauti. Watu wawili waligeuka, nami nikawaomba radhi, lakini sikumwomba yeye. Nilimwambia tena mbele ya wote kwamba mimi nilisema tumbo, na uongo wangu ulimlaza sakafuni siku mbili baadaye, nami sitasimama hapa nimsikilize akisema uongo wa pili. Jedidah alikuwa amekwisha kwenda nje. Amerudi na yule mwalimu mwenye gari, aliyekuja kutujulia hali, na mwanamke mmoja nisiyemjua kutoka wodi ya jirani. Wote wawili wamekunja mikono ya nguo. Wamepelekwa maabara.

Okari amenifuata kwenye benchi. Amepiga magoti, kijana wangu wa miaka hamsini. "Baba, anakusikiliza wewe. Ingia umwambie asitie sahihi. Neno moja tu. Wewe ni mkwe, hatakukatalia."

Ni kweli. Hatanikatalia. Hajanikatalia jambo lolote miaka ishirini na miwili. Na hilo ndilo linalonitisha kuliko damu.

Muuguzi ameingia na karatasi. Mlango haujafungwa vizuri. Okari amenishika mkono wa koti, asema, "Baba, acha kuandika, nenda!" Nimemwambia samahani, mwanangu, ningoje nimalize. Nikimaliza ukurasa huu nitageuza mwingine, na nitaendelea hivyo nikikaa hapa hapa mpaka —

Ndani, nasikia sauti ya Kemuma. Si ile ya kutazama chini. Anamwambia muuguzi amwinue mto, kisha anauliza ni wapi hasa pa kuandika jina lake, juu ya mstari au chini —