Picha ya Mama na Tai

Sumbawanga,
Jumapili

Mdogo wangu Kelvin,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Arusha, unakula na kulala vizuri. Shikamoo yako nimejipokelea mwenyewe, maana simu hupokei, na ukipokea unasema upo porini, utapiga baadaye. Haya, nimerudi kwenye karatasi, Alfonsi wa basi atakupa mkononi. Huku kwetu baridi ni kali na upepo hautulii, ila mahindi tumeshayaingiza ndani.

Nimesikia picha zako za tai zimesifiwa, na sasa unaongoza wageni wanaokuja kupiga picha ndege. Hongera. Sasa nikueleze tai mwenyewe alituachia nini.

Unakumbuka ulivyomzoesha. Kila asubuhi jua likishapanda ulimfungia kifaranga juu ya lile jiwe nyuma ya jiko, ukakaa na kamera, jua mgongoni, unasema mwanga wa Ufipa hauna mwenzake, unaonyesha mpaka kucha. Kuku wa mama ukawajengea banda la waya wasije wakaliwa. Nilikuuliza huyu ndege tutamfanyaje ukiondoka, ukanicheka, ukasema wa porini atarudi porini. Ebo! Umlishe miezi yote hiyo, halafu arudi porini kufanya nini?

Ulipoondoka aliendelea kuja kwa saa yake ileile, akakuta jiwe tupu. Akaanza na vifaranga vya mama Coleta, jirani yetu, akahamia kwa wengine, na kila akikamata kifaranga anakuja kumlia pale pale kwenye jiwe letu. Kuku wa watu wakawa wanaisha, wa mama wamo bandani wananenepa. Maneno ya pembeni yakaanza, ingawa mama bado walikuwa wanamsalimia.

Kilichotumaliza ni zawadi uliyotuma Krismasi. Wewe uliona picha nzuri tu: mama amesimama juani na ungo wake, anapepeta ulezi, na tai ametanua mabawa juu ya kichwa chake. Mama wa watu aliifurahia, akaitundika sebuleni. Zamu ya jumuiya kusali kwetu ilipofika, mama Coleta aliinua macho katikati ya rozari, akaikatisha sala, na wenzake wakatazama alikotazama yeye. Mwanamke mzee, ungo, na ndege anayemaliza kuku wa mtaa. Kelvin, wewe umezaliwa hapa, hilo hukuliona? Chai yetu haikunywewa, na tangu siku ile jumuiya haijakanyaga kwetu.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji nikamweleza yote, vifaranga, jiwe, kamera. Alinisikiliza kwa upole, akasema mtoto lazima amkingie kifua mama yake. Labda aje huyo Kelvin mwenyewe aseme mbele ya watu. Nikakupigia. Ukasema una wageni, jioni ukanitumia picha ya tai mwingine. Roho iliniuma, sikufichi.

Mwezi uliopita vijana walimtegea yule ndege nyama yenye sumu, wakaja kumtupa mlangoni kwetu mchana kweupe. Mama alimwonea huruma, akachukua jembe akamzika. Na hilo nalo likawa kosa, eti amemzika wake. Sasa kinachosemwa ni kwamba ndege akishakufa, mwenye ndege naye hachelewi. Wanapita hapa wanamwangalia usoni, wanasubiri.

Kelvin, nakuambia nililokatazwa kukuambia. Mama anaumwa. Ni kifua, kilimwanza hata kabla ndege hajafa, anakohoa mpaka anashika ukuta. Hospitali hataki kusikia, maana akitoka hapa ameniegemea, au gari likija kumchukua, wataona na watasema si mnaona. Kila asubuhi anajikaza, anafagia uwanja amenyooka, anasalimia wapita njia kwa sauti, kisha anaingia ndani na kujitupa kitandani, mto mdomoni wasimsikie. Mama yetu hana ruhusa ya kuumwa! Nimelia, nimemgombeza, nimempigia magoti. Jibu lake ni kwamba wewe usisumbuliwe, upo kazini.

Kazi gani hiyo, jamani? Njoo. Njoo na kamera yako uwaonyeshe picha zote, kile kifaranga kwenye kamba na mkono wako unaofunga, useme kwa mdomo wako kwamba ni wewe. Wakikusikia wewe, mama atakubali kwenda hospitali, hilo ameniahidi. Lakini usije kuzika. Akifa kabla hujasema, watajiona walikuwa sahihi, na hakuna wa kuwabishia tena. Siku hiyo mimi mlango sikufungulii.

Wajomba zako wanakusalimu. Mama yuko kitandani, anajua nakuandikia salamu tu. Amesema nikuandikie kwamba yeye hajambo.

Dada yako,
Epifania