Mkate Wako Uko Kabatini

Santa Rita, Oaxaca
Novemba 6

Mdogo wangu mpendwa Abundio,

Nakusalimu sana, na natumaini kifua hakikusumbui huko migodini. Sisi hatujambo, ila goti langu. Mwanao Nieves ni mzima, anakula vizuri, na jino lake la mbele limeng'oka.

Najua simu ya tarehe mbili imekuacha na maswali. Ulipiga baada ya kimya cha wiki nzima, na mwanao akakuuliza kama mkate umeupenda, na kama unakaa pamoja na mama yake. Ukacheka, ukasema huyu mtoto ana vituko. Nikamnyang'anya simu nikakuambia ana homa. Hakuwa na homa.

Redio ilipotangaza kwamba mgodi umeporomoka huko uliko Coahuila, niliizima kabla haijataja ni upi. Nieves alikuwa anakunywa uji. Akauliza nini kimeanguka. Nikamwambia ni banda la kuku la mtu, naye akataka kujua wamekufa kuku wangapi. Kuanzia hapo kila jirani aliyeingia nilimkonyeza anyamaze. Mama Chona hakonyezeki, unamjua. Alinong'ona mpaka kanisani wakasikia: "Maskini, katoto haka sasa kanabaki na nani?" Nieves akaendelea kumpaka rangi jogoo wake kwenye daftari. Nikajipa moyo kwamba ni mdogo, haelewi.

Tukapanga meza ya marehemu kama kila mwaka, ya kuwapokea usiku wao wa kurudi nyumbani kula: baba, mama, mjomba Cástulo na mkeo Amparo, kila mmoja na picha yake, mkate wake na mshumaa wake. Asubuhi yake nikaikuta picha yako, ile ya kofia, imeegemezwa kwa Amparo, na mkate mbele yake. Nilimzaba kofi, Abundio. Nikamfokea kwamba anamchuria baba yake. Hakulia. Alisema tu, "Lakini shangazi, mshumaa wake ulikuwepo tayari."

Ulikuwepo kweli. Picha zilikuwa nne, mishumaa mitano. Wa tano niliuwasha mimi, kwa ajili yako, bila kumuuliza mtu, kwa sababu niliogopa kupiga simu nikaambiwa. Nieves aliponiuliza ni wa nani, nilimjibu ni wa ziada. Nimempiga mtoto kwa jambo nililolianza mwenyewe. Naona aibu hata kuliandika.

Ulipopiga ndipo nikajua mgodi ule si wenu. Nimemweleza yote: watu wamekufa, lakini baba yake ni mzima. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akauliza kama hii nayo ni kweli kama ile ya banda la kuku.

Meza tumeshaiondoa. Mkate wako ameufunga kwa kitambaa akauweka kabatini, wa kukupokelea mwakani utakapokuja na mama yake. Mimi haniamini tena. Omba ruhusa uje, mdogo wangu. Uje mchana, uingie kwa mlango wa mbele, ukae uule mbele yake, hata kama umekauka.

Chona anakusalimu. Goti likiniruhusu nitakungoja kituoni.

Ni mimi dada yako,
Eufemia