Mjumbe wa Bondeni

Jumatatu, 3 Agosti
Bomba kavu tena. Nimeshuka chemchemi asubuhi, nimeshuka jioni. Magoti yanawaka moto. Zuhura alitaka kuja na mimi, nimemkatalia. Mimba ya miezi saba haiendi kwenye ule mteremko. Akanijibu kwamba mimba haina miguu, mwenye miguu ni yeye. Mdomo huo kaurithi kwangu, sina wa kumlaumu.

Wakati wa kupanda nimekutana na mjomba. Nimemwamkia nikiwa nimesimama, ndoo kichwani. Mwenye mzigo kichwani husamehewa kupiga goti, ndivyo tulivyofundwa unyagoni. Nafuu pekee ya kubeba maji.

Mjomba ndiye mwenyekiti wa jumuiya ya maji. Koki kubwa iko kule juu penye tangi, na ufunguo wake anatembea nao. Sisi wa Bondeni siku yetu ya kufunguliwa ni Jumatatu. Leo ni Jumatatu. Na mimi sikuuliza.

Jumatano, 5 Agosti
Sketi mbili za shule, shati moja la kutia viraka. Uzi mweusi umeisha. Mchana afisa wa maji amekuja kutoka Newala, kijana mpole, viatu vyote vumbi. Ametuita wajumbe ofisini.

Kasema kwingine mwenyekiti wa maji huchaguliwa na watu wenyewe, kila kaya kura moja. Huku kwetu wanaomchagua ni wajumbe. Vitongoji tisa, kila kitongoji mjumbe mmoja. Tangini nyumba zake unazimaliza kuzihesabu ukiwa umekaa kibarazani, mjumbe mmoja. Bondeni tumejaa hadi watu wanajenga katikati ya mikorosho, mjumbe mmoja. Huyo mmoja ni mimi. Nilipochaguliwa nilivimba kichwa. Harusini naitwa kiti cha mbele.

Afisa kasema katiba yetu inaweza kubadilishwa. Nani anaibadilisha? Mkutano wa wajumbe. Sita kati ya tisa wakikubali, wajumbe tunaondoka na watu wanapiga kura wenyewe. Mkutano ni tarehe ishirini na mbili, uchaguzi wiki inayofuata.

Yaani kuku anaulizwa kama kisu kinolewe. Nimecheka peke yangu kwenye cherehani mpaka Zuhura akaja kuchungulia.

Jumamosi, 8 Agosti
Nane Nane. Mkwe wangu amekuja kutoka Masasi kwa pikipiki, kaleta sukari na kanga. Wamepanga Mkomaindo, karibu na hospitali. Bomba liko uani.

Kakaa ukingoni mwa mkeka, macho chini, maneno yote anampitishia Zuhura ingawa nimekaa pale pale. Heshima ya mkwe. Anataka kumchukua mke wake akajifungulie mjini. Kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama. Mimi nilimzaa Zuhura kwa mama, mama alinizaa kwa bibi. Nguo za mtoto nimeshashona, zipo kwenye sanduku.

Lakini mkwe hakukosea. Mzazi anahitaji maji, kitoto kinahitaji maji, na mwenye kuyapandisha ni mimi na magoti haya. Tumekubaliana hivi: wasubiri uchaguzi. Mwenyekiti akibadilika na bomba likitoka, Zuhura anabaki. La sivyo anaondoka.

Sikuonyesha kitu usoni.

Jumapili, 9 Agosti
Bondeni wamenikalia kikao, wanawake wengi kuliko wanaume. Wamesema kwa kauli moja: nenda ukaseme wajumbe waondoke. Kwa kura ya kila kaya Bondeni peke yetu tunaweza kuweka mwenyekiti. Nikawauliza, na nikisikia hoja nyingine kule mkutanoni? Bi Somoe, aliyenifunda mimi na nusu ya wanawake waliokuwepo, akaniangalia kama mtoto.

“Mjumbe hauawi,” akasema, “lakini mjumbe hana lake. Tumekutuma, hatukukuuliza.”

Wamepiga vigelegele. Nimesema sawa. Na ni kweli nataka wanachotaka. Hiyo ndiyo shida yangu ndogo. Shida kubwa inaishi karibu na tangi, na ndiyo iliyonilea.

Ijumaa, 14 Agosti
Mjomba amekuja baada ya swala. Nimempigia goti mlangoni, nimempa kiti, nimempikia ming'oko, mizizi ya porini, kwa kuwa anaipenda. Kwetu mjomba ndiye mzazi. Baba alipoondoka, huyu ndiye aliyenitoa unyagoni, ndiye aliyepokea posa yangu. Cherehani hii alininunulia yeye alipouza korosho.

Sijawahi kumpinga mbele za watu. Sijui hata sauti yangu ingekuwaje.

Uchaguzi hakuutaja. Kazungumzia miaka ile walipochimba mtaro wa bomba kwa majembe, mikono inatoka malengelenge, na Bondeni wengi hawakutokea. Kweli hawakutokea. Kasema maji hupenda kushuka, akifungua Bondeni siku mbili, kule juu hawapati hata ya kunawa. Labda na hilo ni kweli. Hata afisa hakulikataa lilipotajwa ofisini.

Akiwa anaondoka, amesimama uani akitazama nguo za mtoto zilizoanikwa.

“Wewe ni mjumbe, mwanangu, si bahasha. Una kichwa chako.”

Nimeitikia ndiyo mjomba. Kwa Bi Somoe niliitikia sawa. Nimebakiza nani wa kumwitikia?

Jumatatu, 17 Agosti
Bomba limetoa! Maji meupe, ya nguvu. Wanawake wamekimbia na masufuria, mabeseni, hata ndoo iliyotoboka. Zuhura ameoga mara mbili akiimba. Nimejaza pipa.

Jumatatu ni siku yetu. Ni haki yetu. Basi kwa nini najisikia nimepewa zawadi?

Jumatano, 19 Agosti
Mama Rose amepita kuchukua gauni lake la kwaya. Ndiye mjumbe wa Tangini, kwao hasa ni Lulindi, kaolewa huku. Tunapendana. Leo hatukutaniana.

Kasema waziwazi hatasimama upande wetu. Wakihesabiwa vichwa, Tangini hawatakuwa na mtu wa kuwasemea milele. Leo mjomba wangu anawabania Bondeni, kesho mtu wa Bondeni atawabania Tangini, na sisi tutakuwa wengi, nani atatuzuia? Nilimrekebishia pindo. Nimempa gauni lake.

Yeye anasema la watu wake. Mimi la watu wangu. Wote tuko sahihi na maji ni yale yale.

Nimepiga hesabu. Watakaokuwa upande wetu ni watano bila mimi. Mimi ni wa sita. Naogopa.

Jumamosi, 22 Agosti
Niandike haraka kabla sijaanza kujidanganya.

Mkutano ulikuwa darasani, shule ya msingi. Mjomba alichelewa, alikuwa mazikoni. Aliingia moja kwa moja akakaa meza ya mbele, kwa hiyo hakuna aliyemwamkia vizuri. Hili nililiona. Nikajiambia nitamwamkia tukitoka.

Afisa akaeleza: anayetaka wajumbe waondolewe asimame, anayetaka wabaki akae. Mwenyekiti atahesabu waliosimama.

Nilisimama. Nilisimama! Wa kwanza kabisa. Wengine wakafuata. Nikahesabu kwa macho, sita. Mama Rose kakaa, anatazama dirishani.

Mjomba akashika bakora yake, akapita kati ya madawati. Akihesabu kwa sauti, mmoja, wawili. Akafika kwangu. Akasimama. Alinitazama tu kama anavyonitazama mlangoni pangu tangu nina akili zangu.

Goti likaenda lenyewe. “Shikamoo mjomba.”

“Marahaba, mwanangu.”

Akapita. Nilipoinuka alikuwa amefika dawati la nyuma. Watatu, wanne, watano. Watano, akasema, na katibu akaandika.

Nikasema, mimi nilisimama. Sauti ilitoka ndogo. Afisa akaniuliza: mama, alipokufikia ulikuwa umesimama au umekaa? Nikasema nilikuwa nimepiga goti. Watu wakacheka. Yule kijana akafunua katiba, akaipekua mbele na nyuma. Goti halimo.

Mjomba akaniuliza taratibu kabisa, bila hasira, kama nataka kusema yeye amehesabu uongo. Mbele ya wote.

Nilikuwa na neno moja la kusema. Ndiyo. Nikatazama sakafu. Afisa akasubiri, akanisubiri tena, kisha akafunga kitabu.

Sijui kama alikusudia. Sitajua. Mkubwa akisimama mbele yako hujamwamkia, anasubiri salamu yake, hiyo si hila, ndivyo tulivyo. Na kama ni hila, basi tulifundwa wote tangu wadogo ili siku moja ifanye kazi.

Nimejichukia leo.

Jumapili, 23 Agosti
Nilidhani watanitukana. Vijana wa kijiweni ndio walionizomea, “wajumbe si watu”, wakacheka. Hilo nimelistahili au sikulistahili, halikuniuma sana.

Kilichoniuma ni wanawake. Nimewaeleza kama ilivyokuwa. Kisha mmoja mmoja wakasema hata wao wangepiga goti. Bi Somoe naye kasema ningeacha mjomba apite bila salamu angeniona sina adabu, na aliyenifunda ni yeye. Wakanipa pole na muhogo wa kuchemsha. Hakuna aliyekasirika. Ningependa mtu akasirike.

Zuhura kakasirika. Kaniambia, “Mama, wewe ulisimama. Ungeendelea tu kusimama.” Nikamwambia na yeye angemwamkia babu yake. Akasema yeye angemwamkia wima. Labda. Ana mdomo wangu lakini magoti si yangu.

Jumatatu, 24 Agosti
Kavu.

Jumamosi, 29 Agosti
Uchaguzi. Wajumbe tisa, mgombea mmoja. Mjomba kapita. Nimepiga makofi kama wengine, mikono inajua kazi yake.

Nje nilimwomba afisa aniandikie kwamba nimejiuzulu ujumbe. Kasema niandike mwenyewe, nipeleke kwa mwenyekiti.

Jumapili, 30 Agosti
Mkwe amekuja na bajaji. Nimefunga nguo za mtoto kwenye kanga aliyoniletea siku ile. Zuhura alilia, mimi sikulia, niliogopa nikianza sitanyamaza. Kasema Masasi si mbali, nije atakapojifungua. Nitakwenda. Nitafika mgeni, nikae kwenye kiti, nioneshwe mtoto.

Pipa lina maji bado, chini kabisa. Zuhura alikuwa anayabania ili nisishuke leo.

Alhamisi, 24 Septemba
Simu imelia alfajiri. Zuhura kajifungua salama, mtoto wa kike. Wamemwita jina la mama yangu. Nimemsikia mtoto akilia kwenye simu, na nyuma yake maji ya bomba yakichuruzika kwenye beseni. Nimesikiliza vyote viwili.

Nitakwenda Jumamosi. Leo bado kuna kazi. Korosho zimeanza kuanguka shambani.

Nimeshuka chemchemi. Wakati wa kupanda mjomba alikuwa amesimama njiani, bakora mkononi. Habari alikwisha kuzipata, uso wote unacheka. Mtoto kapewa jina la dada yake. Kaniambia hongera, akaniuliza watamleta lini aje amwone. Nikasema sijui.

Akasubiri. Kulikuwa na jiwe pale kando, mahali ambapo huwa tunatua ndoo tupumzike. Alilitazama jiwe, akanitazama.

Sikutua. Nimemwamkia, ndoo kichwani, ameitikia. Maji yamenimwagikia kidogo shingoni, ya baridi. Nimesimama hivyo hivyo mpaka amepita. Hapakuwa na wa kuhesabu.