Mhudumu wa Tisa

Dada mpendwa,

Shikamoo. Nakuombea uzima wewe, shemeji na watoto. Sisi huku tunaendelea. Kidonda cha baba shingoni kimekauka, anakula vizuri, na kugomba hajaacha, ila sasa anagomba kwa kuandika kwenye daftari. Jana aliniandikia kwa herufi kubwa kwamba chai yangu haina tofauti na maji ya kuoshea vikombe.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kuta za nyumba hii unazijua, na masikio ya baba hayakufanyiwa upasuaji.

Ni habari ya kompyuta. Unakumbuka kabla hajapasuliwa koo na kupoteza sauti tulimkalisha mezani tukamrekodi humo siku tatu: akisimulia alivyoanza ufundi wa saa, akituita mmoja mmoja, akicheka. Tangu atoke hospitali, kila asubuhi baada ya chai alikuwa anavuta kiti, namwashia, anajisikiliza. Wiki tatu zilizopita mashine ikagoma. Inawaka, inaleta skrini ya buluu na maneno kwamba tatizo limetokea, inajizima, inawaka tena.

Nikawapigia watu wa huduma kwa wateja wa kampuni ya kompyuta. Wa kwanza akaniambia nizime niwashe. Wa pili vilevile. Kila aliyepokea alianza upya kuniuliza jina, utadhani jana hatukuongea. Wa nane, binti mpole, akauliza kama ndani kuna kitu cha muhimu. Nikamwambia kipo, tena kikubwa. Akasema basi hilo ni la kitengo kingine, akanirudisha kwenye muziki wa kusubiri. Niliusikiliza saa nzima mpaka simu ikakatika.

Wa tisa akauliza swali lilelile. Dada, nilijibu hapana. Nilijua maana yake, lakini nilikuwa nimechoka, sikuutaka tena ule muziki. Akanielekeza nibonyeze hapa, nikubali pale, na mfumo ukawekwa upya. Kompyuta ikawaka vizuri, tupu kabisa. Akaomba niipe huduma yake alama, nikampa zote tano. Fundi wa mtaani ameichokonoa siku mbili, akanirudishia akitikisa kichwa.

Sijalia. Nakisubiri kilio, hakiji. Naosha vyombo, naenda kazini, narudi. Baba nimemwambia bado iko kwa fundi, kumbe iko chini ya kitanda changu. Leo asubuhi amevuta kiti palepale, akaniandikia: huyo fundi gani? Mimi saa ya mtu sikulala nayo siku mbili.

Kwa hiyo nakuomba uangalie simu yako. Kama una ujumbe wowote wa sauti ya baba, usiufute. Najua ule mmoja unao, aliokukaripia mpaka ukaapa hutampigia tena. Nitumie huo huo.

Wasalimie wote hapo nyumbani. Salamu za baba sina, maana hajui kama nakuandikia.

Ni mimi,
Kitindamimba wenu