Blanketi la Kamera ya Angani

4 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, ila usinicheke: baada ya miaka yote ya uhandisi uliyonisomesha kwa cherehani chako, nimerudi kwenye sindano. Kamera yetu itakayotazama mawingu ya mvua kutoka angani lazima ivikwe blanketi la kuikinga na joto na baridi kali. Ni karatasi nyembamba zinazong'aa, tabaka juu ya tabaka, na hushonwa kwa mkono. Nikatumia mshono wako wa kubana. Tulipolitikisa kwenye mashine ya majaribio, likachanika. Likichanika tena, satelaiti itaruka bila kamera yetu. Nimekutumia kipande. Nifanyeje?

Mwanao

20 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo upo, unalalamika kama mteja. Kipande nimekiona. Tangu nifungue duka hili, suruali huchakaa, wenyewe hunenepa, mshono wangu uko palepale. Tatizo ni hizo karatasi zenu. Waambie wakubwa wako watafute kitambaa cha maana.

Baba yako

9 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Hujanijibu, na ningekuwa wewe nami ningenuna. Juzi nilikishona kile kipande kwa mshono wangu, nikakivuta kidogo tu. Kikachanika kwa kufuata matundu, kama stempu. Niliona aibu, nikafunga duka mapema.

Jana nikakishona upya: hatua ndefu za sindano, uzi umelegea, ukingo umekunjwa mara mbili. Nikakifunga kwenye cherehani changu kikuukuu, unajua kinavyotetemeka, nikakanyaga mpaka miguu ikafa ganzi. Hakikuchanika. Legeza mkono, mama. Kubana nilikufundisha mimi, na kwa kazi hii nilikosea. Kipande nakirudisha, ukione mwenyewe.

Baba yako

11 Juni

Baba,

Shikamoo. Miguu imepona? Blanketi lilitikiswa siku mbili, hata uzi mmoja haukukatika. Kamera iko juu, na leo asubuhi picha ya kwanza imeingia: mawingu meupe pe, yanaonekana mpaka kingo. Watu wazima walipiga makofi, mimi nikalia mbele yao bila haya.

Kwenye fomu ya kumbukumbu za chombo kuna mahali pa kuandika aliyebuni mshono. Nimeandika: baba yangu, fundi cherehani. Mkubwa wangu akaniuliza shahada yako iko wapi.

Nikamwonyesha yangu.

Mwanao